Buibui Anatisha Kuliko Anavyoua
Mimi ni muuguzi. Mara nyingi mgonjwa huja na jipu mguuni akisema, “Dada, nimeumwa na buibui.” Nikimuuliza kama alimwona, hujibu hapana. Wengi wao huwa na maambukizi ya bakteria.

Karibu buibui wote wana sumu, lakini wachache mno humdhuru binadamu. Hata yule wa Sydney, Australia, anayeogopwa sana, vifo vya watu vilivyorekodiwa kutokana naye ni 13. Tangu dawa ya kuzuia sumu yake ilipopatikana mwaka 1981, hakuna kifo kilichothibitishwa.

Ukiumwa, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Usichanje wala usifyonze. Ukitokwa jasho jingi, misuli ikikaza au pumzi ikibana, wahi hospitali.