Hesabu Isiyotulia katika Uigaji wa Kuta za Mawe ya Matumbawe, Mji Mkongwe

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo la Seyyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Uigaji wa kompyuta wa kuta kama hizo, za mawe ya matumbawe na chokaa, mara nyingi hukwama bila kufikia jibu. Kukwama huko huweza kuashiria ukuta kushindwa kubeba, au kasoro ya hesabu tu. Ili kuyatofautisha, hatua za mzigo hupunguzwa, kisha ukuta husukumwa kwa msogeo badala ya nguvu. Hesabu ikiendelea huku ukinzani ukishuka, kikomo ni cha ukuta. Ikikwama tena, wavu na viungo vikaguliwe. Kulegeza kiwango cha kosa huzalisha jibu, si uhakika wa usalama.