Jina la Kupanga, Utambulisho Bandia na Mhusika wa Kubuni

Katika tafsiri zinazoletwa kwetu zikaguliwe, maneno "jina bandia" yamebebeshwa mzigo usio wao. Aliyeficha jina lake kwenye intaneti huitwa mwenye jina bandia. Tapeli aliyejifanya mtu mwingine huitwa vivyo hivyo. Na mwigizaji hali kadhalika. Dhana tatu zimevikwa kanzu moja.

Na tuchukue kisa kimoja. Mwezi wa Juni 2006 msichana aliyejiita Bree alianza kuonekana kwenye YouTube, katika ukurasa wa lonelygirl15. Alijitambulisha kuwa ana miaka 16, akawa anasimulia, akiwa chumbani mwake, habari za wazazi wake na dini yao. Watazamaji wakamwandikia, nao wakajibiwa kwa jina lake. Septemba mwaka huo ilifichuka kwamba Bree hakuwapo: aliyeonekana ni mwigizaji Jessica Rose, na waliobuni mchezo huo ni Miles Beckett, Mesh Flinders na Greg Goodfried. Wako waliokasirika. Hata hivyo hadithi iliendelea hadi 2008, watazamaji wakijua sasa kuwa ni mchezo, na wakishiriki kufumbua mafumbo yake.

Je, Bree lilikuwa jina bandia? Kwa maoni yetu, sivyo. Ni kweli kwamba meno ya bandia hayamdhulumu mtu. Lakini neno hili likiambatana na jina au hati, hunuka ughushi. Bree hakutwaa nafasi ya mtu yeyote aliye hai. Alikuwa "mhusika wa kubuni", na mchezo wenyewe yafaa uitwe "burudani shirikishi". Kwa ile miezi ya mwanzo, ambapo watazamaji hawakuambiwa ukweli, mfasiri mwangalifu ataongeza "asiyetangazwa", maana hapo ndipo palipokuwa na malalamiko.

Anayeandika kwa jina alilojichagulia ana "jina la kupanga", au "lakabu", neno ambalo malenga wetu wamelizoea tangu zamani. Asiyetia jina lolote yumo katika hali ya "kutojitaja". Tusimwite "mtu asiyejulikana": katika taarifa za habari maneno hayo aghalabu humwashiria mhalifu anayesakwa.

"Utambulisho bandia" tuuwekee yule anayejivika nafsi ya mwingine ili apokelewe kuwa ndiye. Hapa si suala la ladha ya lugha tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kujifanya mtu mwingine. Karani anayeandika "jina bandia" mahali pa lakabu humsogeza mtunga mashairi karibu na kifungu hicho, bila ya kukusudia, na mtunzi huyo huenda asipate habari mpaka aitwe kujieleza.