Utangulizi: Ini la Mtoto

Uwe muuguzi, mhudumu wa afya wa jamii au mzazi anayetaka kuelewa, tutaanzia mlangoni, maana ndani, kwa mwanga wa kibatari, kila jicho huonekana la njano. Mtoe mtoto juani, shusha ukope wa chini kwa kidole gumba, utazame weupe wa jicho. Kisha muulize mama maswali mawili ambayo wengi huyaonea haya: mkojo una rangi gani, na choo je?

Mantapala kuna sababu ya pekee ya kuuliza. Makazi haya ya wakimbizi katika wilaya ya Nchelenge, Zambia, yalifunguliwa mwanzoni mwa 2018 kwa Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao wakipokewa kwanza kwenye kituo cha mapokezi cha Kenani. Upande huu wa Ziwa Mweru malaria haina msimu wa kupumzika. Mtoto mwenye macho ya njano akipimwa na kukutwa na malaria, daftari hufungwa hapo. Lakini huku watoto wengi hucheza na vimelea damuni bila kuugua. Kipimo kimesema vimelea vipo. Hakijasema ndivyo vilivyoleta umanjano. Malaria na selimundu hupasua chembe nyekundu za damu: viganja hupauka, choo hubaki na rangi yake. Ini likiugua, mkojo huwa kama chai ya rangi na choo huweza kupauka kama udongo mweupe. Malaria kali nayo huweza kuutia mkojo weusi, ndiyo maana choo kisisahauliwe.

Majina nayo yanapotosha. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, wa mbu. Sisi tunazungumzia homa ya ini iletwayo na virusi.

Virusi A na E huingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mlipuko wa E ulioanza 2007 miongoni mwa watu walioachishwa makwao na vita uliwapata zaidi ya 10,000, na wajawazito na watoto wachanga waliumia sana. Kwa kawaida mwili hujiponya wenyewe. Mpe mtoto maji, uji, matunda, na samaki kama anamtaka. Kumnyima mafuta na kitoweo hakumsaidii, kunamkondesha tu. Mitishamba na parasetamo kupita kipimo huliongezea ini mzigo. Akianza kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu au kutoka damu kwenye fizi, msingoje kupambazuke: apelekwe hospitali, kama ile ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi.

Kirusi B ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu ya ukimya wake. Mtoto mdogo, akiambukizwa, mara nyingi hapati manjano kabisa. Hunyonya, hutambaa, hunenepa. Na kadiri alivyo mdogo ndivyo kirusi kinavyong'ang'ania: kati ya watoto 10 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hivi hubaki nacho, kwa watu wazima hata 1 kati ya 20 hafiki. Ini hukakamaa polepole, au huota saratani, wakati mtoto yule sasa ni baba wa watu.

Chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14, yenye kinga ya kirusi B ndani yake, ambayo Zambia imekuwa ikiitoa tangu 2005, humkinga mtoto na maambukizi ya baadaye. Kwa aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa, wiki ya 6 ni kuchelewa. Yeye anahitaji chanjo ndani ya saa 24. Mtoto akishachanjwa, mama mwenye kirusi anyonyeshe bila hofu.

Ndiyo maana sura ya kwanza haimhusu mtoto. Inamhusu mama mjamzito aliyeketi kwenye benchi la kliniki, amenyoosha kidole, na tone la damu linaloweka wazi kilichomo kabla mtoto hajazaliwa.