Aliyeacha unga asiachwe peke yake

Mzazi akigundua kwamba mwanawe anatumia heroini, mara nyingi humfungia chumbani mpaka arosto imwishe. Huku Ukunda, Diani na Msambweni jambo hili si geni. Baada ya wiki mbili kijana anakula, analala, na jamaa wanamshukuru Mungu. Kitabibu, hapo ndipo hatari inapozidi.

Maisha ya Janis Joplin, mwimbaji wa roki wa Marekani, ni funzo kubwa. Mwaka 2010 Ann Angel aliyaandika katika kitabu mahsusi kwa vijana. Janis alizaliwa Texas mwaka 1943, akadhihakiwa sana na wenzake shuleni, kisha akavuma duniani. Mwaka 1970 aliacha heroini kwa miezi kadhaa, halafu akarudia. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo alifariki peke yake katika chumba cha hoteli, Los Angeles. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Kwa nini hutokea hivyo? Mwili wa mtumiaji wa kila siku huzoea unga, hata akahitaji kete nyingi zaidi. Akiacha, mazoea hayo hupungua upesi. Akirudia kiasi chake cha zamani, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi hulemewa. Hukoroma isivyo kawaida, mboni za macho husinyaa, midomo hubadilika rangi na pumzi hukatika. Ukiona dalili hizo, mlaze ubavu, usimwache, na mkimbize hospitali. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi. Hatari ni hiyo hiyo kwa anayetoka gerezani.

Tiba iliyo salama kuliko kufungiwa ni methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa kipimo sahihi, huzuia arosto bila kumlewesha mgonjwa. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011 na Malindi mwaka 2015. Kwale nayo ilipata kliniki yake huko Kombani.

Umaarufu si kinga. Mwimbaji Ray C wa Tanzania alieleza hadharani jinsi alivyonaswa na unga, na mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimsaidia kupata matibabu.

Basi mzazi, uraibu ni maradhi na wagonjwa wengi hurudia kabla ya kupona. Mwanao akiteleza, usimfukuze nyumbani. Anayejificha ili atumie hana wa kumwokoa pumzi zikikatika.