Jinsi wafu wanavyosalia katika daftari la wapiga kura
Maiti haendi kituoni, lakini jina lake laweza kutumiwa na aliye hai. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Desemba 2007 uliozusha ghasia Kibera na Kawangware, ilikadiria kuwa daftari lilikuwa na wafu wapatao milioni 1.2. Pengo lililotangazwa kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga lilikuwa takriban kura 230,000 tu.

Mkazi wa Kibera hufariki, akazikwa mashambani, nalo jina likabaki Nairobi hadi kifo kiandikishwe na tume kuarifiwa. Usajili wa alama za vidole wa mwaka 2012 ulinuiwa kuziba mwanya huo. Siku ya kura, Machi 4, 2013, mitambo mingi ikakwama, makarani wakarejelea daftari la karatasi.