Mchanga Ndani ya Rangi

Ukiwa na bando kidogo, tafuta mchoro wa Claude Monet wa ufuo wa Trouville, Ufaransa, wa 1870. Usihangaike na sura. Uso wa mkewe, Camille, ni mipako michache tu ya brashi. Tazama nguo yake. Utasema ni nyeupe, kumbe imejaa kijivu cha mawingu! Aliye kando yake kavaa nyeusi, na katikati yao kuna kiti kisicho na mtu. Hawaangaliani.

Walikuwa wameoana Juni. Julai, vita na Prussia vikaanza, baadaye Monet akatorokea London. Tazama tena hilo jua. Bado ni la likizo, ama? Mimi naona baridi.

Na manze, chembe za mchanga wa ufuo bado zimenasa kwenye rangi.