Meli ya Pili: Utangulizi wa Elimu ya Kuunda Manowari

Ukisimama Rubongi huoni ziwa. Unaona Mwamba wa Tororo, unaona vilima vya Sukulu, na upepo ukigeuka unapata vumbi la saruji. Reli inatoka Malaba, inapita Tororo, inashika njia ya Jinja na Kampala. Maji makubwa yako mbali kusini, Majanji na Sio Port, kila moja upande wake wa mpaka. Ndiyo maana wazee wa nyumbani huniuliza, kwa upole lakini bila kuchoka, imekuwaje mtoto wa Padhola akashika elimu ya manowari.

Huwa nawajibu kwa neno moja: taruma. Neno hilo nililijua relini nikiwa mdogo. Mataruma ni vile vyuma vinavyolazwa chini kupokea reli, nasi tulikuwa tukivihesabu kwa miguu tukienda shule. Miaka mingi baadaye nilifika Matondoni, kisiwani Lamu, nikamkuta fundi amechuchumaa ndani ya jahazi lisilokamilika. "Usikanyage taruma hilo, mwalimu," akaniambia, "bado halijakaa." Alikuwa akinionyesha ubavu wa chombo, gogo lililopinda lenyewe porini, ambalo yeye alilitafuta kwa macho mpaka akapata pindo analolitaka. Neno lilikuwa lile lile. Kinachobeba garimoshi Tororo na kinachoshika ubavu wa jahazi Lamu vimepewa jina moja, na waliovipa jina hilo walijua wanachokisema: vyote viwili ni mifupa inayogawana uzito.

Kiswahili kimetusaidia mahali pengine pia. Nyumba hujengwa, lakini chombo huundwa. Anayeunda anaanza na kitu ambacho hakitasimama kamwe juu ya msingi. Kitatikiswa kila siku ya maisha yake. Manowari inazidi hapo. Inatikiswa na bahari, inatikiswa na mizinga yake yenyewe, na inatarajiwa iendelee kuelea hata ikitobolewa. Elimu ninayokukaribisha inauliza taifa linafanyaje hata likaweza kukichora na kukiunda chombo cha namna hiyo kwa mikono yake. Nitasema mapema ninachokiamini, ili upimane nami njiani. Usilipime taifa kwa manowari yake ya kwanza. Ya kwanza hupatikana kwa mkataba, kwa wahandisi wa kuazima na kwa sherehe ya rais. Subiri ya pili, kisha uulize kama waliounda ya kwanza bado wapo kazini.

Ziwa letu liliwahi kuwa na manowari zilizochorwa hapa hapa. Mitumbwi ya vita ya Buganda, ile tunayoiita ya Sese, ilikuwa na mkuku mrefu wa gogo moja na mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, kama mtepe wa pwani ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi. Msafiri Stanley alipomfikia Kabaka Mutesa mwaka 1875 aliikuta ikielekea vitani dhidi ya watu wa Buvuma, naye akaandika hesabu ya mitumbwi zaidi ya 200. Mkuu wa majini alikuwa Gabunga, cheo cha ukoo wa Mamba. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya ukoo, mtumbwi wa mia moja uliundwa na wajukuu wa aliyeunda wa kwanza. Maarifa yalikuwa na anwani.

Pwani ilichukua njia nyingine. Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, aliagiza manowari kubwa ya mizinga 74 kutoka kwenye viwanda vya Bombay. Ilishushwa majini mwaka 1826 ikaitwa Liverpool, na mwaka 1836 akampa mfalme wa Uingereza zawadi. Mwanawe Barghash alinunua meli iitwayo Glasgow huko Uskochi mwaka 1878. Ikazamishwa na mizinga ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896. Zote mbili zilikuwa meli nzuri. Unguja haikubakiwa na fundi hata mmoja aliyejua kuunda nyingine.

Kisha zikaja meli za vipande, na hapa Busia inaingia moja kwa moja kwenye habari. Wapimaji wa kwanza wa reli ya Uganda walikusudia ifike ziwani Port Victoria, kule Bunyala. Baadaye njia ikageuzwa ikaishia Kisumu, wakati huo Port Florence. Laiti isingegeuzwa, gudi la ziwa lingekuwa Busia. Meli iitwayo William Mackinnon iliundwa Paisley, Uskochi, ikafumuliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikapandishwa bara vipande vipande na kuungwa upya ziwani; ilielea mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na nyinginezo kwa mtindo huo huo. Vita vya 1914 vilipofika zikafungwa mizinga juu ya deki zilizotengenezwa kwa ajili ya pamba na ngozi, na Juni 1915 meli za Kisumu ndizo zilizopeleka askari kuishambulia Bukoba. Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa wameleta Graf von Götzen kutoka Papenburg katika masanduku yapatayo 5,000, wakaiunga Kigoma pamoja na mafundi watatu waliotoka nayo, wakaipa mizinga, wakaizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiopoa, na tangu 1927 imejulikana kama Liemba.

Kuunga ni ufundi wa kweli, na siwezi kuudharau. Waliokuwa wakigonga ribiti Kisumu na Kigoma walijua chuma kwa masikio: ribiti iliyokaa hulia tofauti na ribiti iliyolegea. Lakini michoro ilibaki Uskochi na Ujerumani. Anayeunga hajui kwa nini taruma la kumi na mbili ni nene kuliko la kumi na moja. Anajua tu namba iliyopigwa chapa ubavuni mwake.

Basi tuanze na hilo la michoro. Mvuvi yeyote wa Majanji anajua usisimame kwenye mtumbwi mwembamba. Uzito ukipanda juu, chombo kinachelewa kurudi kikiinama, na kikipita kiasi hakirudi. Manowari inapambana na jambo hilo kuliko meli yoyote, kwa sababu kila anayeitaka anataka kuweka kitu juu: rada iwe mlingotini ili ione mbali, mzinga uwe mahali pa wazi, kombora lisizuiwe na kitu. Ukiongeza rada unahitaji umeme zaidi. Umeme unataka jenereta, jenereta inataka mafuta, mafuta yanataka nafasi, na nafasi inaifanya meli iwe ndefu, na meli ndefu inataka injini kubwa. Unarudi ulikoanzia, unachora tena. Msanifu mzuri huuzunguka mduara huo mara nyingi kabla chuma hakijakatwa, na ujasiri wake mkubwa ni kumwambia jenerali au waziri kwamba kitu hiki hakitaingia.

Wasweden walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1628, manowari yao Vasa ikiwa bado gatini Stockholm, wanaume 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu huu hadi ubavu ule ili ijulikane inavyotikisika. Baada ya mikimbio mitatu jaribio likasimamishwa, maana ilionekana itapinduka pale pale. Mfalme alikuwa akiisubiri, hakuna aliyethubutu kumwambia, na tarehe 10 Agosti ikang'oa nanga. Ilikwenda kama mita 1,300, upepo ukaisukuma, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga. Huwasomesha wanafunzi wangu habari hii kabla ya hesabu yoyote, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa imekwisha kufanywa na miguu ya wale wanaume 30.

Baada ya michoro ni moto. Kuna fundi wa kuchomelea kando ya barabara ya Malaba anayetengeneza matela ya malori, nami hupenda kumtazama. Akiwa na bamba refu la kuunga, haanzi mwisho mmoja akaenda hadi mwingine. Anapiga vidoa vichache kwanza, hatua kwa hatua, bamba lishikamane. Kisha anachomelea kipande huku, anavuka, anachomelea kipande kule, anarudi katikati, anagonga ganda jeusi kwa nyundo, anasubiri. Nilimuuliza sababu. "Chuma kikipata moto kinavuta, mwalimu. Ukikimbilia upande mmoja kinakunja uso." Ubavu wa meli ni bamba kama hilo mara elfu, na mishono yake ni kilomita nyingi; ukikunja uso, sehemu mbili zilizotengenezwa mbalimbali hazitakutana siku ya kuungwa. Kiwanda cha manowari kinaanzia kwa mtu kama huyu, akipewa muda, kipimo, na mtu wa kukagua mshono wake kwa mionzi.

Na chuma chenyewe? Vilima vya Samia, upande wa Busia, vilikuwa na mafundi waliojulikana mbali kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa huku na huku. Sukulu, karibu na nyumbani, nako kuna mawe ya chuma pamoja na fosfeti. Lakini kati ya jiwe na bamba la manowari pana safari ndefu. Bamba hilo lazima lipinde bila kupasuka linapopigwa na mlipuko, tena likubali kuchomelewa. India ilipoanza kuunda Vikrant, meli yake ya kubeba ndege, iliamua kutengeneza chuma hicho nyumbani. Maabara zake za ulinzi na kampuni ya chuma ya serikali wakakipata, na meli ikaingia kazini Kochi Septemba 2022.

India ndiyo somo langu kubwa, hasa kwa ilivyoanza. Nilgiri, iliyoingia kazini mwaka 1972 kutoka kiwanda cha Mazagon, katika mji ule ule wa Bombay ulioiunda Liverpool, ilikuwa na mchoro wa Kiingereza. Wasingeweza kujivunia ubunifu. Ila waliunda ya pili, ya tatu, mpaka ya sita mwaka 1981, na kila moja ilikuwa na vifaa vingi zaidi vya nyumbani. Katika mbili za mwisho walithubutu kugusa mchoro: wakaibadilisha sehemu ya nyuma ili ipokee helikopta kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye ikatoka Godavari, mchoro wao wenyewe. Nigeria imepita njia hiyo kwa hatua fupi zaidi: boti ya doria Andoni mwaka 2012, Karaduwa 2016, Oji 2021, zote kutoka gudi la jeshi lao Lagos, kila moja ikibeba masahihisho ya iliyotangulia.

Kwetu, Jeshi la Majini la Kenya lililoanza mwaka 1964 limenunua karibu vyote nje: Nyayo na Umoja kutoka Uingereza, Shujaa na Jasiri kutoka Hispania. Jasiri ilifika Mombasa mwaka 2012 baada ya miaka ya mabishano juu ya mkataba wake, na mwanafunzi wa fani hii lazima ajifunze kusoma mikataba kama anavyosoma michoro, kwani siri ya kijeshi ni pazia ambalo wizi nao hulipenda. Mwaka 2020 ikaanzishwa Kenya Shipyards Limited chini ya Wizara ya Ulinzi, yenye karakana Mtongwe na Kisumu. Kisumu imeunda MV Uhuru II, meli ya mita 100 ya kuvusha mabehewa ya mafuta kuja Uganda, kwa msaada wa kampuni ya Damen ya Uholanzi. Si manowari. Hata hivyo anayeunda meli ya mita 100 amekwisha kujifunza mambo mengi ambayo manowari ya doria itamdai.

Nina furaha ya kweli juu ya meli hiyo, na nina hofu. Gudi lile lile la Kisumu liliunga Victoria mwaka 1961, na Umoja ya ziwani (si ile ya jeshi) na Uhuru ya kwanza katikati ya miaka ya 1960, vipande vikitoka Uskochi. Mafundi wa Kisumu walikuwa wamefika mahali pazuri. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, meli zikagawanywa kwa nchi, na hakukuwa na meli kubwa nyingine ya kuwaweka pamoja. Kati ya Uhuru ya kwanza na ya pili imepita zaidi ya nusu karne. Kijana aliyeshika nyundo kwenye ile ya kwanza hakuweza kusimama kando ya aliyechomelea hii.

Sura zinazofuata zinakwenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kuelea, nguvu ya mataruma, chuma, injini, silaha, kisha mkataba na bajeti. Hesabu ninazotumia hazizidi za kidato cha sita. Kabla hujaanza, nakuomba ushuke Majanji au Sio Port siku moja, uende na futi ya kupimia, daftari na penseli. Utakuta mtu anaunda boti ya uvuvi. Msalimie, mwombe ruhusa, pima mataruma yake yote kutoka omo hadi tezi kabla hajayafunika kwa mbao, na umuulize alijifunza kwa nani na sasa anamfundisha nani. Andika majibu yote mawili.